Saa Mkononi mwa Hollin

Ijumaa, tarehe 29 Septemba 1972, Edwin Thackray, fundi wetu wa mapigano ya upanga, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika studio hii.

Aliingia mwaka 1946 akitoka jeshini, akiwa na suti moja na magoti yasiyoogopa kitu. Tangu hapo ameanguka kutoka farasini, ameanguka kutoka darini, na safari moja aliangukia ndani ya pipa la bia ambalo mtu alisahau kulimwaga. Hilo halalamikii. Amefundisha upanga watu wasio na idadi, na hakuna hata mmoja aliyepoteza jicho. "Upanga ni kama mama mkwe," huwaambia. "Uheshimu, ila usiukaribie sana."

Wageni hapa hawaijui filamu yetu ya Jack Hollin, mwasi wa msituni, ya mwaka 1951. Tuliimaliza kwa siku kumi na mbili. Deraya, mavazi ya chuma ya vitani, zilikuwa sweta za kamba zilizopakwa rangi ya fedha, na msitu ulikuwa miti kumi na mmoja iliyohamishwa kila picha. Jeshi la liwali anayemwinda Hollin lilikuwa watu sita, wakipita, wakizunguka nyuma ya pazia na kupita tena. Nyota wetu, Rupert Lyle, alikuwa mzuri wa sura, lakini akipanda vidato vitatu tu vya ngazi anashikwa na kizunguzungu. Basi Edwin akapigana badala yake.

Mtayarishaji, Bwana Cuthbertson, alimwahidi mbele yetu sote: "Nipe pambano la ngazini la kuwafunga watu midomo, na katika filamu ya pili Hollin utakuwa wewe. Uso wako, jina lako." Edwin akaizoea ile ngazi kuliko ngazi ya kwao.

Sasa nimefika pale ambapo ningependa kuparuka. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna kinachobadilika kati ya picha moja na nyingine, na wakati huo nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Edwin ndiye wafanyakazi waliyemchagua kulinda muda wa chai, dakika kumi kamili. Kila ikifika saa tisa alivaa saa yake na kumsimamia mwongozaji wa filamu. "Chai ni haki yetu, bwana mkubwa. Hollin atasubiri." Baada ya chai ilikuwa zamu yangu kuwakagua wote, kichwa hadi mguu. Siku ya pambano Edwin alinichekesha mpaka nikapaliwa na andazi. Nikampungia mkono apite, sikumtazama.

Alipigana dakika nne bila kukatizwa, akishuka ngazi kinyumenyume. Mafundi wa taa, watu wasiosifu hata harusi zao, walipiga makofi. Ngazi ikabomolewa jioni ile ile.

Kesho yake tukaitazama picha. Kila alipoinua upanga, mkono wa sweta uliteleza, na pale kwenye kifundo cha mkono wa mwasi wa miaka mia saba iliyopita ikang'aa saa. Saa tisa na robo.

Bwana Cuthbertson akauliza, "Nani alimkagua huyu?"

Nilifungua mdomo. Edwin akaniwahi. "Dada huyu alinikagua vizuri, bwana. Niliivaa baadaye, ujinga wangu mwenyewe."

Nami nikanyamaza, maana ningefukuzwa. Pambano likatupwa, mahali pake pakawekwa vivuli ukutani, na nafasi ya Hollin wa pili akapewa mtu mwingine. Tangu hapo watazamaji wamemjua Edwin kwa mgongo tu. Hajanikumbusha kamwe, hata kwa utani, yeye anayetania mpaka msibani. Ninajuta, na leo naandika ili wote wasome: Edwin alisema uongo. Sikumkagua.

Kipande kile cha filamu nilikiokota kwenye kikapu cha taka. Kimekaa ndani ya kopo langu la biskuti miaka ishirini na mmoja. Ijumaa, baada ya chai, kitaonyeshwa kantini, dakika zake zote nne, pamoja na saa.

Asante, Edwin, kwa mifupa uliyovunja kwa ajili ya sura za wengine. Tunakuombea siku ndefu, magoti mazima, na chai isiyohesabiwa dakika. Kama ilivyo desturi kwa kila anayestaafu, kamati imekununulia saa ya dhahabu. Nimeomba nikuvalishe mimi. Ulete mkono wa kushoto. Safari hii nitautazama.

Muriel Oakden