Absalom Kaleli, Mzee Mbavu Asiyekula Nyama

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, Zacharia, ambaye ndiye anayeusoma leo, Jumamosi tarehe 18 Aprili 1959, hapa Ruiru. Mengi yaliyomo ameyapata kwa mjane, Mama Magdalene Nakhumicha, naye ameruhusu yasomwe yote bila kupunguzwa.

Absalom Kaleli alizaliwa Kangundo mwezi wa Machi 1921, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwanzia na Mama Syombua. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mama alikumbuka tu kwamba watu walikuwa shambani wakipanda, na kwamba ilibidi aitwe mkunga kutoka ng'ambo ya mto.

Mwaka wa 1930 aliingia shule ya misheni, akasoma miaka minne. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Walimu walimfahamu kwa jambo jingine. Alikuwa na uwezo wa kumwiga mtu yeyote, mwendo na sauti, hata mkaguzi wa shule alipokuja siku moja akakuta watoto wanacheka, akauliza kuna nini, hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba Absalom alikuwa ametoka tu kumwiga yeye. Mzee Mwanzia alipougua mwaka wa 1934, Absalom aliacha shule akachunga ng'ombe wa nyumbani.

Mwaka wa 1941 aliandikishwa jeshini, na baadaye akapelekwa Burma. Huko alipewa kazi ya kutunza nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, waliobeba mizigo milimani. Vita vilipokwisha hapakuwa na meli ya kuwarudisha wanyama wale, na afisa mmoja akaamuru kila mtunzaji awapige risasi wa kwake. Absalom alikuwa na kumi na mmoja. Alitii. Tangu siku hiyo hakula nyama, hakuchinja hata kuku, na alimwahidi Mungu kwamba mkono wake hautaua mnyama tena. Hakuhubiri jambo hilo kwa mtu. Ukimkaribisha kwako alikula ugali na mboga, akakushukuru.

Aliporudi, mwaka wa 1946, alipata kazi katika shamba moja la kahawa hapa Ruiru, ya kuendesha mkokoteni wa ng'ombe. Hakubeba kiboko. Aliongea na ng'ombe wake kwa Kikamba kuanzia shambani hadi kiwandani. Nyapara alilalamika mwanzoni, kisha akaona kwamba mkokoteni ule haukuchelewa hata siku moja, akanyamaza.

Hapo shambani ndipo alipokutana na Nakhumicha, aliyekuwa amekuja kutoka Kimilili kumtembelea dada yake. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 1949. Wakwe walichinja fahali. Absalom aliwagawia wageni nyama kwa mikono yake mwenyewe, akahakikisha kila mzee amepata, kisha akaketi na sahani ya ugali na kunde. Baba mkwe alimtazama kwa muda mrefu, akamwuliza binti yake, "Huyu kijana ana ugonjwa gani?"

Nakhumicha akamjibu, "Hana ugonjwa, baba. Alikuwa vitani."

Mwaka uliofuata alijiunga na kikundi cha michezo ya kuigiza katika ukumbi wa wafanyakazi kule Thika. Wengi waliohudhuria leo walimjua huko, na walimjua kwa jina la Mzee Mbavu, mwuza nyama mwenye tumbo la matambara na kisu cha mbao, aliyemwuzia kila mteja mifupa na kuisifu kama mchumba. Watu walicheka hadi wakashika viti. Kuna siku mama mmoja alimkuta njiani, akamvuta hadi kwenye duka la nyama amchagulie kipande kizuri. Absalom alielekeza kidole huku ametazama barabarani. Yule mama alirudi juma lililofuata kumshukuru, akasema hajawahi kula nyama laini namna ile.

Mchungaji aliwahi kumwuliza inakuwaje mtu asiyekula nyama acheze mwuza nyama. Absalom alisema, "Mzee Mbavu hajaua kitu, mchungaji. Anaongea tu." Kwake mambo hayo mawili yalikuwa mbalimbali kabisa, na hakuona shida.

Mwezi wa Septemba 1955 watu wa sinema kutoka ng'ambo walifika kwenye maporomoko ya Chania, pale Thika. Walihitaji mtu wa kuigiza mwindaji, wakaambiwa habari za Mzee Mbavu. Shamba lilimpa likizo ya majuma matatu. Aliyetafsiri alikuwa karani aitwaye Jeconia Opiyo, na Absalom alimwuliza mapema kama kuna mnyama atakayeumizwa. Jeconia aliwauliza wakubwa, akarudi na jibu kwamba mkuki utarushwa kwenye nyasi na mnyama ataachiliwa aende zake. Jeconia mwenyewe aliamini hivyo.

Mnyama alikuwa kuro jike, yule swala mkubwa wa kandokando ya mito, mzee kidogo, aliyenaswa upande wa Ol Donyo Sabuk na kufungiwa katika zizi la miti kando ya mto. Alikuwa anajigonga kwenye miti kwa hofu, na kwa kuwa Absalom alijua wanyama, wakamwomba amtulize. Kwa siku tisa alimpelekea majani ya viazi vitamu asubuhi na jioni. Siku ya sita kuro alikula mkononi mwake. Absalom alimsimulia Nakhumicha habari hiyo kwa furaha, na mtoto wao Mwanzia akataka naye apelekwe akamwone.

Jumanne tarehe 20 Septemba, saa nne asubuhi, mkubwa wa sinema alisema kwamba mkuki wa kwenye nyasi hauonekani kuwa wa kweli. Alitaka mnyama achomwe. Absalom aliweka mkuki chini.

Jeconia alikwenda, akarudi. "Bwana Kaleli, anasema kama hutaki, kazi inafungwa leo. Kila mtu arudi alikotoka."

Absalom aliuliza, "Na barua za maseremala?"

"Barua ni za kazi hii. Kazi ikiisha, barua nazo zimeisha."

Miongoni mwa maseremala waliojenga vibanda vya sinema alikuwemo Gerishon, jirani wa marehemu hapa Ruiru. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na Mkikuyu hakutoka kijijini bila barua ya ruhusa. Mke wake Gerishon, Wangeci, alikuwa amelazwa hospitali Thika, mimba ikiwa imemsumbua na madaktari hawajui kama watamwokoa yeye au mtoto. Barua ile ya sinema ndiyo iliyomwezesha Gerishon kumwona kila jioni baada ya kazi. Asubuhi hiyo alikuwa upande wa pili wa mto akipigilia misumari. Hakusikia lolote.

Absalom aliokota mkuki. Aliomba kuro asifungwe kamba, kwa sababu alijua hatakimbia akimwona yeye. Hakukimbia. Absalom alimchoma mara moja, mahali panapomaliza upesi, kama alivyofundishwa jeshini.

Alinawa mikono mtoni, akatembea kwa miguu kutoka Thika hadi Ruiru akifuata reli. Nakhumicha alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Alimwuliza kwa nini amerudi mapema. Absalom aliketi kwenye kigoda, akasema, "Mama Mwanzia, leo sikuigiza." Kisha akamweleza yote, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa taarifa. Alimwomba Gerishon asiambiwe. Alisema mtu hawezi kubebeshwa shukrani ya kitu kama hicho.

Kesho yake alirudi Chania, akamaliza siku zilizobaki. Wangeci alijifungua salama tarehe 4 Oktoba, mtoto wa kike aitwaye Warigia, baba yake akiwa nje ya mlango wa wodi.

Absalom hakulia. Alimwambia mkewe kwamba angependa kulia lakini hapakuwa na kitu cha kutoka. Alimweleza mchungaji, naye akamwonyesha katika Maandiko kwamba mwanadamu ameruhusiwa kuchinja. Absalom alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Najua, mchungaji. Lakini mimi nilikuwa nimeahidi." Aliendelea kuamka, kufunga ng'ombe, kwenda kanisani, kulipa ada ya kikundi. Mwezi wa Februari 1956 alimcheza Mzee Mbavu mara ya mwisho. Watu walicheka pale pale walipozoea kucheka. Baadaye alimwambia Zacharia kwamba aliona vinywa vyao lakini sauti haikumfikia. Alimkabidhi mwenzake tumbo la matambara, akamfundisha maneno yote kwa uvumilivu.

Sinema ilionyeshwa katika ukumbi ule ule wa Thika alasiri moja ya Juni 1957. Absalom alikwenda kwa sababu kila mtu alimtarajia. Mahali pa mkuki palipita haraka kuliko mtu kuvuta pumzi. Ulionekana mgongo wake na mkono, na nyasi. Mnyama hakuonekana kabisa. Ukumbi ulipiga makofi. Nakhumicha, aliyeketi kando yake, anasema mumewe naye alipiga makofi, polepole, hadi watu wote walipoacha, na ikambidi amshike mikono.

Ugonjwa wa ini ulimshika Oktoba 1958. Alilazwa hospitali mara tatu. Muuguzi alishauri anywe mchuzi wa nyama apate nguvu, na Nakhumicha akauliza ni kitu gani kingine kitakachofaa, akapika maharagwe na kuyaponda. Gerishon alimtembelea kila Jumapili na mtoto wake Warigia, wakaongea habari za mvua na za kazi. Absalom Kaleli alifariki Jumanne iliyopita, tarehe 14 Aprili, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Mkewe alikuwepo. Hakuacha wosia, isipokuwa aliomba ng'ombe wa mkokoteni wasipewe mtu mwenye kiboko, na nyapara amekubali.

Jumatano Nakhumicha alimwita Gerishon akamweleza habari za kuro, kwa kuwa hakuona vema kuzizika pamoja na mumewe. Gerishon alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Mimi ndiye niliyechonga mpini wa ule mkuki." Kisha akaingia, akaketi na wafiwa, na hajaondoka hadi sasa.

Marehemu ameacha mjane, Magdalene Nakhumicha. Watoto wawili, Mwanzia wa miaka minane na Syombua wa miaka mitano. Mama yake mzazi, Mama Syombua wa Kangundo. Na mdogo wake Zacharia. Familia inawashukuru wafanyakazi wa shamba, kikundi cha Thika, na kanisa.

Bwana ampe Absalom usingizi alioukosa kwa miaka mitatu na nusu.