Waya wa Mafuta Mkononi mwa Marieta

Waya wa mafuta wa gari letu kuukuu, ule unaovutwa na pedeli ya mwendo, ulikatika kwenye kilima cha Gitting, na Marieta, jirani yangu wa kiti, alikuwa anawahi ubatizo wa mjukuu wake. Dereva Sulle akafunga waya wa breki ya baiskeli kwenye kabureta, akaupitisha dirishani.

"Shikamoo mama, naomba mkono." Akamzungushia leso yake kiganjani, waya usimkate. "Vuta taratibu, kama unamzalisha ng'ombe."

"Marahaba. Ng'ombe wangu hawangurumi hivi!"

"Legeza, kona!"

"Wewe shika usukani, mafuta ni yangu."

Tulicheka hadi kanisani. Kengele ilikuwa bado inalia.

"Nimekufikisha, mama."

"Nani kamfikisha mwenzake?"

Akashuka mbio, leso ya Sulle ingali mkononi.