Kaburi Lililokuja na Nyumba

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha kuzikana, mwangaluka. Wenye salamu za msikitini nawasalimu kwa hizo, wenye za kanisani nanyi kwa zenu. Katika mtaa huu nikisalimia dini moja tu nitakosa pa kuazima chumvi. Mwenyekiti ameniambia nisimame, maana wanachama wapya wanauliza mwalimu Mpare anaishije na kaburi la watu uani kwake. Nitasema. Nikilia mnivumilie.

Nilikuja Bariadi kufundisha, nikaolewa na mtu wa Meatu, dereva wa lori la pamba. Mtoto hatukujaliwa. Tulipanga vyumba viwili, na kila jioni maneno yetu yalikuwa yale yale: tupate kwetu. Nyumba mpya tusingeiweza, kwa hiyo mume wangu alikuwa akipita mitaani anaulizia zilizochakaa. Msimu mmoja akaanza kuumwa kifua, na kabla pamba haijaisha mashambani tulikuwa tumemzika kwao, karibu na Mwanhuzi, kando ya zizi la baba yake.

Wakwe zangu walisema mimi ndiye niliyemmaliza. Mgeni, hana mtoto, ana dawa za kwao. Matanga yalipoanuliwa, shemeji yangu akanisindikiza hadi kwenye ua wa minyaa, akaniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, rudi kazini kwako. Kaburi lina wenyewe." Afadhali angenipiga. Mvua zilipopita nilirudi nikapalilie kaburi. Mamamkwe wangu akaniona, akageuka, akaingia ndani akafunga mlango.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kufa na bado akawa anafundisha. Naandika ubaoni, nikigeuka sijui nimeandika nini. Chakula changu kikawa uji, na wenyewe siumalizi. Katikati ya hayo mwenye nyumba akataka vyumba vyake, ndipo dalali akanileta huku kwenu nyuma ya soko.

Nyumba mnaikumbuka ilivyokuwa. Bati lina kutu, ukuta umeegemea ukuta wa jirani yangu Muha, na upande wa pili kina mama wa Lamadi wameanika dagaa mpaka chini ya dirisha. Bei ilikuwa ndogo kuliko ya kiwanja kitupu. Nikamwuliza dalali kuna nini.

"Mwalimu, nisikufiche," akasema. "Njoo uani."

Nyuma ya bafu palikuwa na kaburi dogo la saruji, la mtoto. Wazazi wake walikuwa wamehamia Mwamanyili. Kila mnunuzi akifika hapo, dalali akasema, anakumbuka ana safari. "Ila ukinunua ni mali yako. Hata ukilivunja hakuna wa kukuuliza."

Mlinicheka mkasema Mpare kafuata bei. Ni kweli, bei niliifuata. Lakini nilipoliona lile kaburi limefunikwa na majani, nilikaa chini nikalia, na sikuwa nimelia tangu nilipofungiwa mlango kule kwa wakwe. Nikanunua.

Nikawa nalifagia nikitoka shule. Nikalipaka chokaa. Naongea nalo pia, nisiwafiche, na niliyekuwa naongea naye si mtoto yule. Jirani yangu Muha alinisikia ukutani. Kesho yake akaleta ndoo ya mchanga na saruji kidogo, tukaziba penye ufa. Kina mama wa dagaa nao wakaanza kunigongea wakiivisha ugali. Nikaanza kula.

Kisha siku moja mama mmoja akapiga hodi, akaomba maji. Alikunywa polepole, macho yake yako uani. Nikajua ni nani.

"Mayu, mama yangu, pita ukamwone," nikamwambia.

Akapita. Alipoiona chokaa akapiga magoti, akaishika ile saruji kama mtu anayempima mtoto homa. Alikuwa ameambiwa kwamba mgeni aliyenunua amevunja na kujenga choo, na kwa kuogopa kuona, akakaa mbali muda wote ule.

"Nani anafagia hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nina wangu kule Mwanhuzi. Sina ruhusa ya kufika."

Aliinuka, akajipangusa magoti. Halafu akaniita mwanawe kwa Kisukuma: "Ng'wana wane, tutaenda."

Na tulienda. Mbele ya wakwe zangu sikuweza kufungua mdomo. Alizungumza yeye, taratibu. "Sikuja kudai. Mwanangu amelala uani kwa huyu. Angeweza kumvunjia, na hakuna ambaye angemwuliza. Yeye anamfagilia. Nanyi mumewe mmemlaza hapa. Naomba naye afagie."

Shemeji akaangalia chini. Mamamkwe ndiye aliyeinuka, akaingia ndani, nikadhani ananifungia tena. Akatoka na ufagio.

Kaburi la mume wangu halikuonekana kwa majani. "Sijafika hapa tangu tulipomzika," mamamkwe akaniambia. "Miguu inakataa." Tukayang'oa yale majani sisi wawili mpaka udongo ukatokea. Kumbe naye alikuwa amejifungia nje.

Mume wangu hakurudi, na nyumba aliyoitafuta naishi humo peke yangu. Hilo halikupona, sitawadanganya. Lakini nala, nalala, na nikigeuka kutoka ubaoni najua nimeandika nini. Asante jirani yangu wa mchanga. Asanteni kina mama wa dagaa. Harufu yenu imeingia hadi kwenye mapazia yangu na nimeizoea. Ninalowaachia ni hili: ukinunua kwa watu, uliza wameacha nini humo kisichouzwa, ukitunze.

Yule mama wa Mwamanyili ana ufunguo wa geti langu. Akija nikiwa shule, anafagia, ananiachia michembe ya viazi dirishani, anaondoka. Shemeji yangu alisema kaburi lina wenyewe. Ni kweli linao. Tusiwafungie mlango.