Biasha binti Isihaka na Wodi Iliyofungwa Nachingwea

Ndugu waombolezaji, Biasha binti Isihaka, tuliyekuja kumsindikiza leo, alizaliwa Mbwemkuru mwaka 1922, msimu wa kuvuna ufuta, akiwa mtoto wa pili wa mzee Isihaka na mama Sikuzani, akasoma chuo cha Kurani Nanganga hadi mwaka 1934, alipotolewa ili amsaidie mama yake shambani.

Tarehe 6 Agosti 1939 aliolewa na Salimu bin Kaimu wa Naipingo, wakajaliwa watoto wawili, Mwamina na Shaban, naye Shaban akafariki kwa surua mwaka 1946.

Mwaka 1948 Salimu aliajiriwa kukata msitu wa mashamba ya karanga Nachingwea, na Machi 1950 mti ulimwangukia mwenzake waliyekuwa wakishika naye msumeno mmoja, akafa palepale, na tangu hapo Salimu hakupata usingizi, akawa anaingia porini kumwita yule marehemu kwa jina, hadi akapelekwa katika wodi ya wagonjwa wa akili pale mjini. Biasha alihamia huko, akapata kazi ya kufua nguo za wodi ili awe karibu na mumewe, na polepole Salimu akaanza kula, akacheka, akamtambua binti yake.

Tarehe 30 Juni 1953 wodi ilifungwa, maana kazi ya karanga ilikuwa imekwisha na Wazungu wenye mashamba walikuwa wanaondoka. Dresa Fransisko, mhudumu aliyetibu wagonjwa wa wodi, alimwita Biasha akamwambia, "Mama Mwamina, mchukue mzee wako, kesho tunapigilia milango misumari."

Biasha akamjibu, "Niende naye wapi, bwana? Kijijini dawa hakuna."

"Hata hapa zimekwisha, mama."

Alirudi naye Naipingo kwa miguu, na kabla ya masika Salimu akachoma ghala la kaka yake Saburi pamoja na chakula chote, ndipo ndugu zake wakamtia mguu katika gogo lililotobolewa, zito, asiweze kutembea. Biasha aliwapigia magoti, hawakumsikia, akawa analala chini kando ya gogo, akimlisha, akimwosha kidonda cha kifundo, akiwafukuza waliokuja kumtazama. Mara mbili alilipasua kwa shoka, mara mbili wakaleta jingine.

Novemba 1957 alianza kukohoa damu, akakataa hospitali, akisema, "Nikilazwa mimi, nani atampa maji?" Tulipombeba kwa machela kumpeleka hospitali alikuwa amekwisha nguvu, akafariki tarehe 11 Februari 1958, adhuhuri.

Familia inawashukuru waganga waliompokea, majirani waliochimba kaburi, na wafuaji wenzake, hasa Bi Valentina, aliyetembea kutoka mjini.

Salimu yumo humu uani, mguu ungali kwenye gogo, na tangu asubuhi anamwuliza Mwamina, "Mama yako mbona hajarudi kutoka kisimani?" Sisi wa pande zote mbili tumeketi tangu jana, na hajapatikana wa kusema atakaa naye.

Biasha, wewe lala. Mwenyezi Mungu akupe amani uliyoikosa kwetu.