Alama za Bi Prothero kwa Mawaziri wa Fedha

Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Mbunge wetu uliyefunga safari kutoka London, Ndugu Mhariri, ndugu wanachama wa klabu hii, na wewe Bi Eluned Prothero, mgeni wetu wa heshima: habari za jioni.

Tumekuja kumuaga mwanamke ambaye, kila Waziri wa Fedha wa Uingereza aliposoma bajeti, alimpa alama katika gazeti letu la bonde hili la Wales, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Mawaziri walipita, yeye akabaki. Je, ni wangapi humu hawajawahi kumkasirikia?

Mnaukumbuka mwaka ule waziri alipopunguza kodi ya bia na ya petroli? Tulikuwa humu humu, tunatazama runinga, tukashangilia kana kwamba Wales imefunga bao. Kesho yake gazeti likatoka: tatu kwa kumi! Jioni Bi Prothero akaingia kuagiza kinywaji chake, na Bryn Hopcyn, mchomeleaji wa kiwanda cha chuma, akamsubiri na gazeti mkononi.

"Mama, tatu? Ulitaka atuletee bia mpaka kitandani?"

"Amekopa ili akufurahishe, Bryn. Kiwandani kwenu hakuweka kitu. Ukipaka rangi nyumba inayovuja, umeitengeneza?"

"Hapana. Lakini angalau nikilowa, nalowa mahali pazuri!"

Klabu nzima ilicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Bi Prothero. Lakini mwaka uliofuata tanuri la kiwanda lilizimwa, na kicheko kikatuishia. Bryn alikaa nyumbani, hasemi na mtu. Mkewe, Carys, aliniambia, "Gethin, mume wangu amekuwa kama kabati. Nazunguka tu nisigongane naye."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo sifa yake ilipo. Kabla ya yule waziri wa bia alikuwapo mwingine, aliyepandisha kodi na kujenga vyuo vya ufundi. Tulimchukia sana. Bi Prothero mwenyewe alimpa nne, akaandika kwamba vyuo vile vitabaki majengo matupu. Chuo kimoja kilijengwa hapa kwetu. Carys alimburuta Bryn mpaka mlangoni. Akaingia na mvi zake, akakaa na watoto wa watu, akajifunza kutengeneza mitambo ya umeme wa upepo. Leo yuko juu ya mlima ule, anafanya kazi, na nyumbani anaongea mpaka Carys ananilalamikia upya.

Bi Prothero alipopata habari hizo hakunyamaza. Alikuja hapa, siku ya mkutano mkuu, akaomba nafasi ya kusema.

"Nilimpa nne. Nilikosea. Leo nampa saba."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Mzee wa watu kashastaafu, anapalilia maua yake! Saba yako itamsaidia nini?"

"Yeye haitamsaidia," akajibu. "Itamsaidia atakayekuja. Ajue kwamba tunapiga kelele siku ya bajeti, lakini hatusahau kilichobaki baadaye."

Ndugu zangu, ni wasomi wangapi wanaoweza kuwahukumu wakubwa, kisha wakasimama mbele ya majirani wakajihukumu na wao? Tangu siku ile vijana wetu hawaulizi tena waziri ni wa chama gani. Wanauliza: alituachia nini? Mheshimiwa Mbunge, swali hilo tafadhali lifikishe London.

Ndugu Mhariri ametueleza, kwa masikitiko, kwamba gazeti halitaajiri mwingine wa kushika nafasi yake. Nami nina furaha kutangaza kwamba klabu imeamua kutoa alama yenyewe. Tutabishana humu, tutakubaliana, na Mhariri ameahidi kuchapisha. Mwandishi wa kwanza alichaguliwa jana. Alipoambiwa, alishtuka: "Mimi? Niandike nini?" Mkewe akamwambia, "Andika vile unavyopiga kelele jikoni, Bryn, ila matusi utoe."

Bi Prothero, tunakushukuru kwa ukali wako, na zaidi kwa ile saba. Bajeti inasomwa Jumatano. Njoo ukae nasi, ubishe kama sisi wengine.

Mheshimiwa Meya, wageni wetu, wanachama wenzangu, asanteni sana kwa kunitegea masikio.