Rangi ya Moto wa Enid

Benchi lao lilikuwa mbele ya duka la mikate, mjini Hull, Uingereza, kwenye kona ambayo upepo wa Februari hupita bila kubisha hodi. Kila saa nne asubuhi walikaa watatu, kila mmoja na chai yake ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Norman aliitwa Mita, kwa kuwa alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba miaka thelathini na mmoja, na akabaki na imani kwamba chochote chenye bomba kinamhusu. Clifford aliitwa Askofu kwa sababu ya sauti yake tu. Kanisani alikwenda mara ya mwisho siku ya harusi ya dada yake. Enid alikuwa Enid. Hakuna aliyethubutu kumpa jina jingine. Asubuhi hiyo alifika na maumivu ya kichwa ya siku ya tisa mfululizo, karatasi ya fundi mkononi, na jambo moja lililomtafuna: boila ya jikoni kwake, mtambo wa gesi wa kupasha maji na nyumba, ilikuwa imefanyiwa sevisi kweli, au ilisalimiwa tu?

— Fundi alikaa dakika saba, — alisema. — Niliangalia saa ya jiko.

— Dakika saba zinatosha, — Mita akasema. — Fundi wa kweli haigusi. Anaweka mkono juu ya bati, anasikiliza, kama daktari na kifua.

— Hakuweka mkono. Aliifuta vumbi, akatia saini.

— Chai alikunywa? — aliuliza Askofu.

— Vikombe viwili. Na biskuti.

— Basi ni mtu mwema huyo. Tapeli hana muda wa chai.

Enid aliikunja karatasi. Hata yeye alikuwa amepima hivyohivyo: kijana alivua viatu mlangoni, akashukuru, akaaga vizuri. Kwa hiyo kazi ilikuwa nzuri.

— Mimi ningemwaga maji yote, — Mita akaendelea. — Ya boila, ya mabomba, nyumba nzima. Maji yakizunguka humo miaka kumi yanachoka.

— Maji yanachoka?

— Yanachoka, Askofu! Uliza mtu yeyote wa idara ya maji.

— Wewe umesoma mita tu, hujawahi kuongea na maji. Sikiliza. Lile sanduku linafungwa kiwandani likiwa na hewa yake. Ukilifungua, ile hewa inatoka, hairudi tena. Ndiyo maana mafundi hawafungui. Bibi yangu hakuwahi kufunguliwa lake. Alikuwa akilisalimia kila asubuhi, likadumu miaka arobaini.

— Alilisalimia vipi?

— Kwa heshima.

Walicheka, lakini sauti zao zilikuwa zimeshuka kidogo, kama watu wanaomsema mkubwa aliye chumba cha pili. Enid alikumbuka jinsi boila yake inavyoamka saa kumi na mbili kabla yake, kwa mngurumo unaotikisa vikombe kabatini. Miaka ishirini na sita alikuwa akiosha vyombo hatua mbili tu kutoka kwenye moto.

— Na kichwa je? — Mita akauliza.

— Hapa hakiumi. Nikikaa na ninyi kinaniacha.

— Unaona? — Askofu akajipiga kifua. — Sisi ni dawa.

Mwanamke aliyekuwa ametoka dukani na mkate wa soseji aliacha kutafuna. Alivaa ovaroli ya buluu, funguo za gari zikining'inia kiunoni.

— Samahani, mama. Kinauma nyumbani tu?

— Wewe ni nani, mwanangu?

— Bryony. Fundi gesi. — Akatoa kitambulisho chenye picha yake, Enid akakisoma mbele na nyuma. — Naomba hiyo karatasi. Mbona hakuna vipimo vya moshi? Na hapa penye shinikizo la gesi amechora mstari.

— Mstari si maana yake sawa? — Mita akasema.

— Mstari ni mstari, mzee.

— Kwani alitakiwa afanye nini? — Enid akauliza.

— Afungue kwanza. Asafishe panapowakia. Aingize kipimo kwenye bomba la moshi, asome kinachotoka. Apime shinikizo la gesi, asome kwenye mita boila imekula gesi kiasi gani kwa dakika mbili. Ahakikishe moshi unapanda nje na haurudi ndani. Ajaribu kama mtambo unajizima wenyewe ukipata hitilafu. Atoke uani atazame mwisho wa bomba. Saa nzima, mama. Akiwahi, dakika arobaini.

— Yote hayo, — Askofu akanong'ona, — kwa sanduku la jikoni?

— Ni moto, mzee. Uko ndani ya nyumba yake. Tundu la hewa ukutani lipo?

Askofu aliweka kikombe chini.

— Lilikuwepo. Nililiziba mimi. Magazeti na utepe, wiki ya Krismasi. Alikuwa anapigwa baridi miguuni.

Hakuna aliyemtania.

— Na moto wenyewe, — Bryony akauliza, — una rangi gani?

Mita akamtazama Askofu. Askofu akatazama viatu vyake. Enid alijua mwaka aliponunua boila, namba iliyogongwa kwenye bati, hata siku inapopiga kelele zaidi. Rangi hakuijua.

Nyumba ya Enid ilikuwa ng'ambo ya barabara. Bryony aliwaacha uani, akaingia na kipimo kidogo cha hewa ya sumu ambacho kilianza kupiga kelele kabla hajafika jikoni. Madirisha yakafunguliwa moja baada ya jingine. Kisha, kupitia dirisha la jikoni, walimwona akilegeza skrubu na kuvua bati la mbele.

Moto ulikuwa wa manjano, mrefu, laini, ukiyumba taratibu kama mtu anayesinzia. Juu yake masizi yalikuwa yamepanda meusi kama mahameli. Askofu alivua kofia. Enid hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile jikoni kwake.

— Ulitakiwa kuwa wa buluu, — Bryony alisema, akafunga gesi. — Huu wa manjano unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ndiyo inayokuumiza kichwa. Hospitali, mama. Sasa hivi. Wakupime damu.

Enid alitafuta mkono wa Askofu, akaushika kwa mikono yake miwili.

— Wewe utanipeleka, — alimwambia.