Mnyoo Aliyedandia Jiwe

Kijiwe chetu kipo nje ya londri moja Temple Hills, Maryland, huku Marekani: benchi la chuma lenye mguu mmoja mfupi. Jumamosi, nguo zikizunguka ndani, sisi hunywa kahawa ya Benadetha, nesi wa kutoka Bukoba, ambaye tunamwita Daktari hata akikataa. Kuria huendesha basi la wazee. Yeye ni Profesa, kwa kuwa hajawahi kusema "sijui". Wiki hii mwenzetu Chelagat hakuja na nguo. Alikuja na chupa ya jemu yenye maji, na ndani yake amejikunja mnyoo mwekundu mwenye nywele nyeupe ubavuni.

— Usiguse, Profesa! — Chelagat alimzuia. — Hizo nywele zinawasha kama za kiwavi.

— Umetoa wapi hii kitu?

— Kwa tangi la samaki la Bi Dorothea, yule mama mzee ninayemtunza. Mnyoo alidandia jiwe jipya la baharini tulilonunua. Nimemtoa na kibano. Konokono wameanza kufa, tumbawe limesinyaa, na Jumatatu mama anatoka hospitali. Kitu ya kwanza atauliza ni hilo tangi. Lilikuwa la marehemu mzee wake.

Daktari aliinua chupa kwenye mwanga kama anayepima mkojo.

— Mnyoo ni mnyoo. Kidonge kimoja tu, kesho yuko chali.

— Na samaki je?

— Nao wapate. Kinga.

— Utaua tangi lote wewe! — Profesa aliruka. — Kwetu Nyahururu ng'ombe akiwa na kupe anapelekwa josho. Toa jiwe, lichovye kwa dawa, lirudi safi.

— Josho Temple Hills litoke wapi?

— Beseni tu, Chela.

— Hilo jiwe liko hai, Profesa. Vijidudu vyake ndivyo vinasafisha maji. Ukilichovya dawa, nabaki na kokoto.

— Basi nisikilizeni, — Profesa alisema. — Huyu si mnyoo. Ni mtoto wa nyoka wa baharini, na mama yake bado amejificha ndani ya jiwe. Siku moja ataingia kwa bomba. Akifika mto Potomac kule Washington, hata wabunge hawatalala!

— Nyoka wa baharini umemjulia wapi? — Daktari alimkata. — Wewe bahari umeiona juzi Ocean City, na ukaingia na viatu!

Tulicheka mpaka benchi likayumba. Chelagat hakucheka.

— Nilimkuta ndani ya gamba la konokono, anakula. Mnataka ushahidi gani tena?

— Sasa mtu akikutwa matangani anakula, ndiye aliyeua? — Daktari aliuliza.

— Leo uko upande wa mnyoo?

— Nauliza tu, mdogo wangu.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi Taraji, Mmarekani anayejifunza Kiswahili maktabani, siku yake ya kwanza kukaa nasi. Muda wote alikuwa akisikiliza huku midomo ikimchezacheza, akipanga sentensi yake. Sasa aliinua mkono, kama yuko darasani.

— Samahani, wenzangu. Maji ya tangi hupungua?

— Kila siku, — Chelagat alijibu. — Taa zina joto. Mimi huongeza.

— Unaongeza maji gani?

— Ya chumvi, dada. Si ni bahari hiyo?

— Asante. Na maji yakipanda hewani, chumvi huenda wapi?

— Hubaki palepale, — alisema Daktari, ambaye kila Jumapili hupika maharage. — Mchuzi ukikauka, chumvi huzidi. Ndani, mashine zilisimama, na hakuna aliyeinuka kufuata nguo.

— Nimesema vibaya? — Taraji aliuliza.

Chelagat alikuwa ameshasimama, ameikumbatia chupa ya jemu kifuani.

— Umesema vizuri sana, dada. Kumbe chumvi yangu ndiyo inaua konokono, si mnyoo. Profesa, washa gari. Tupitie dukani tuchukue maji yasiyo na chumvi.

Profesa alikuwa tayari anapapasa mifuko akitafuta funguo.

— Na kwa matuta uende polepole, — Chelagat alisema. — Tuna abiria.